Mpishi wa Ukungu

10 Machi 1961

Mdogo wangu Kimbelembele,

Salamu nyingi kutoka kwetu sisi uliotuacha kituoni tukipunga mikono mpaka tukaona aibu. Huku hatujambo. Shemeji yako hajambo, ila ameshaanza kulalamika kwamba nyumba imepoa tangu mtu wa kubishana naye aondoke. Mwanao ile homa yake imekwisha. Kila asubuhi anauliza kama mama mdogo amefika, nami namwambia bado, huko ni mbali kuliko dukani. Wewe je? Unakula, au huko chuoni unaishi kwa chai na vitabu?

Kazini ni yale yale. Naupikia ukungu wenu wa maabara, jamaa ya ule wa mkate, uji wake wa mwani na sukari, naumimina kwenye mirija ya kioo, naziba kwa pamba, naitia mirija kwenye lile sufuria kubwa la mvuke. Dakika ishirini tangu lipige mluzi, si moja chini. Kanuni anapita nyuma yangu akinusa kama mama mkwe. (Siku moja atajua kwamba profesa mzima tumempachika jina la Kanuni, na hapo sote tutaipata.) Juzi ameniambia, "Mama, maabara hii yote inategemea jiko lako." Nikamwambia basi anitafutie kiti, miguu inaniuma. Hakucheka. Yule mtu sijui meno aliyaweka wapi.

Mkunga wa nyuma ya nyumba bado ananiwinda. Anasema mikono yangu ni misafi na haitetemeki, inafaa kupokea watoto. Nimemwahidi kuanza kujifunza kwake mwezi wa sita, siku ambazo sina zamu. Unajua nimelitaka jambo hili tangu nikiwa na miaka tisa, siku uliyozaliwa, mimi nikiwa nimeshika taa na Mkunga akinisifu kwamba sikutikisika. Marehemu mama alikuwa akisema mimi ndiye niliyekuona wa kwanza. Ulikuwa mbaya kweli!

Andika upesi.

Dada yako,
Mpishi wa Ukungu


29 Machi 1961

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima wa mwili. Barua yako imefika, nimefurahi kusikia umepewa chumba chenye dirisha.

Nimefukuzwa kazi.

Nimeandika hivyo moja kwa moja ili nisizunguke mbuyu. Jumatatu Kanuni alikagua rafu yake ya akiba, kama afanyavyo kila mwisho wa mwezi, ile rafu ya ukungu wa rangi ya chungwa anaoutunza miaka kumi na moja. Akakuta mrija mmoja umeota kitu cheupe pe. Mmoja tu, lakini kwa Kanuni mmoja ni sawa na elfu. Akaniita mbele ya wote. Akasema ukungu wa kigeni umeingia, na hauna njia ya kuingia isipokuwa kwa uji usiochemshwa vizuri. Nikasema, Profesa, nimechemsha. Akauinua mrija na kusema, "Basi hiki ni nini?" Mfagiaji alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wake, akasikia yote, na kufika jioni mtaa mzima umeshajua. Wananiita Mama Uchafu. Wengine wanatania.

Kinachoniumiza ni kwamba sina uhakika. Karatasi ya mrija ule ilikuwa na tarehe 24 Februari, na wiki ile ndiyo mwanao alikuwa na homa. Nilikuwa nakimbilia nyumbani kila siku. Nimewaza mpaka kichwa kinauma: niliwahi kulitoa sufuria kabla ya dakika ishirini? Nasema hapana. Halafu nasema labda. Sijawahi kusema labda kuhusu kazi yangu, mdogo wangu.

Aliniamuru niiteketeze rafu nzima kabla sijaondoka. Nimeiteketeza, ila ule mweupe nimeuficha kwenye soksi ya shemeji yako. Usiniulize kwa nini. Nautazama tu.

Na tafadhali, usimwandikie Kanuni kunitetea. Yeye ndiye aliyekudhamini huko. Akikasirika ataandika barua ya pili kuifuta ile ya kwanza, nawe utarudishwa. Aanguke mmoja wetu, inatosha.

Shemeji yako amenipikia chai. Imemshinda, lakini nimeinywa.

Dada yako


15 Aprili 1961
(Barua hii haikutumwa mwaka huo.)

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mwanangu mbusu kwa niaba yangu.

Si wewe. Ni mimi.

Ijumaa ile ya tarehe 24, wewe ukiwa umewahi nyumbani kwa mgonjwa na Kanuni yuko mkutanoni, niliiwasha ile taa ya zambarau aliyotukataza, ile yenye miale inayounguza macho. Nilikuwa nimemwomba ruhusa mara tatu, na mara zote tatu akaniambia mwanafunzi mzuri husubiri. Nami nilikuwa nasafiri Jumatano, nisubiri mpaka lini? Nilitaka kujua kama miale ile inaweza kuubadilisha ukungu kwa ndani kabisa, kwenye vile vinasaba ambavyo mzazi humwachia mtoto. Nikakung'uta vumbi la mbegu zake kwenye kisahani cha maji, nikakiacha wazi chini ya taa. Mbegu nyingi zilikufa. Zilizopona nikazipanda moja moja katika mirija uliyoipika wewe asubuhi ile.

Sasa kosa langu. Sikuandika kwenye daftari la taa. Nikabandika karatasi za kawaida, nikaiweka mirija katika rafu ya akiba pamoja na mingine, nikijisemea nitamweleza Jumatatu. Jumatatu nikaogopa. Jumanne nikafungasha mizigo.

Uji wako ulikuwa safi. Mikono yako ilikuwa safi. Leo hii namwandikia Kanuni, na atakachonifanya anifanye.

Mdogo wako,
Kimbelembele


17 Aprili 1961

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai nyote ni wazima huko. Mimi sijambo, ila moyo wangu uko kwako tangu nilipoipata barua yako.

Nimelia sana. Usijilaumu, dada. Makosa hayana mwenyewe, na Kanuni ni mtu wa haraka. Mimi najua jinsi unavyofanya kazi, na nakuomba usiwasikilize watu wa mtaani, wana midomo mirefu na kazi fupi. Nimetii ulivyoniambia, sikumwandikia.

Ule mrija usiutupe. Ukiweza nitumie. Uufunge kwa pamba na kitambaa, uuweke kwenye kopo la majani ya chai. Nataka tu kuutazama.

Mdogo wako akupendaye,
Kimbelembele


2 Juni 1961

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wazima, sijui wewe na hiyo baridi yako.

Uchafu wangu nimeshaupeleka posta. Karani aliniuliza ndani ya kopo mna nini, nikamwambia mna aibu yangu. Akacheka akagonga muhuri. Nimeuviringisha kwa pamba, kisha kwa kitambaa cha ile khanga yangu ya kijani, kisha soksi yenyewe, maana shemeji yako ameikataa, anasema haiendi tena mguuni.

Sasa nauza mkaa, pale pembeni mwa karakana ya baiskeli ya shemeji yako. Ni kazi nzuri, mkaa haumdai mtu usafi. Mkunga amekuja mara mbili. Nimemwambia bado.

Soma kwa bidii. Mtu akikuuliza dada yako anafanya nini, sema ni mfanyabiashara.

Dada yako


9 Novemba 1962

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya mwaka na zaidi. Sikuwa mgonjwa, ni kazi tu. Shemeji hajambo? Mwanangu ameanza shule?

Lile kopo lilifika, lakini kwa bahati mbaya kioo kilikuwa kimevunjika ndani. Nimekitupa.

Habari njema ni kwamba nimepata jambo katika ukungu ninaoushughulikia huku, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulionyesha wazi hivi. Mwalimu wangu ameniambia niliandike kwa jina langu. Mwezi ujao nitasimama mbele ya wakubwa nilieleze. Wameshaanza kunipa maabara yangu ndogo, na jiko lake.

Nakukumbuka kila siku. Nakukumbuka hasa nikisikia sufuria likipiga mluzi.

Mdogo wako


21 Julai 1969

Kimbelembele wetu,

Tumekuona! Gazetini! Tunawasalimu wote, wewe na ukungu wako, huku tukiwa wazima na vichwa vimevimba kwa fahari.

Shemeji yako aliletewa tairi limefungwa kwa gazeti. Kukunjua, macho yako hayo yanamtazama. Aliacha tairi la watu, akaja mbio hadi kwenye mkaa akipiga kelele, watu wakadhani kuna moto. Mwanao ametusomea yote. Wanasema wewe ndiye uliyefungua njia, kwamba kabla yako walikuwa wanabahatisha, na kwamba yote yalianza na ukungu mmoja mweupe uliouona katika maabara yako. Mweupe! Nikacheka mpaka nikakaa chini. Weupe unatuandama familia hii. Mimi ulinifukuzisha kazi, wewe umekupa kazi. Ndiyo tofauti ya mwenye akili na mpishi.

Kanuni amestaafu, anatembelea mkongojo. Jana kanisalimu kwa heshima zote kwa sababu ni dada yako, akanunua na mkaa. Mbona siku hizi barua zako zimekuwa fupi? Nusu ukurasa, kama taarifa ya posta. Ukubwa umekuzidi?

Dada yako


12 Agosti 1983

Mdogo wangu,

Salamu. Hatujambo, na tumeongezeka. Mwanao amejifungua salama mtoto wa kike, ana nywele nyingi na hasira kama zako. Umeshakuwa bibi mdogo, ukubali usikubali.

Lakini mwanao hasemi nami, na nina neno la kukuuliza.

Walipomleta mtoto nyumbani walinipa nimshike, nikakataa. Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Wiki nzima sikumgusa, nimekaa namtazama kwa mlangoni mpaka kitovu kilipoanguka na kidonda kikakauka. Mwanao akalia akasema, "Mama, kumbe humpendi mjukuu wako." Wewe nitakuambia, maana ndiye unayejua mambo ya vijidudu.

Tangu siku ya Kanuni mikono yangu siiamini. Kila kitu naosha mara tatu. Sufuria mara tatu, vikombe mara tatu, mikono mara tatu mpaka ngozi inapasuka. Shemeji yako hunitania kwamba katika nyumba hii tunakula sabuni. Nikicheka naye anadhani yamekwisha.

Hujawahi kujiuliza kwa nini sikwenda kwa Mkunga? Alinifuata miaka minne yule mama. Mwishowe nikamwambia ukweli: mimi nilishindwa kuukinga ukungu na uchafu, ndiye nitakayemkinga mtoto mchanga? Hakunifuata tena. Amekufa bila mtu wa kumrithi, na tangu hapo wanawake wa mtaa huu hupelekwa mbali kwa gari la kuazima. Wengine hufika. Wengine hujifungulia njiani, na si wote wanaorudi. Wale wa njiani nao nimewahesabu kuwa juu yangu.

Basi niambie, mtaalamu. Uchafu wa mikono hukaa miaka mingapi? Nijibu ukipata nafasi.

Dada yako


3 Septemba 1983

Dada,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na umekaa. Kama umesimama, kaa.

Umeniuliza uchafu wa mikono hukaa miaka mingapi. Mikono yako haijawahi kuwa na uchafu. Hata siku moja. Uji wako wa tarehe 24 Februari ulichemka sawasawa. Ule weupe niliuleta mimi.

Katika bahasha hii nimetia barua nyingine, ya zamani, karatasi imeshaanza kuwa njano. Niliiandika mwaka ule ule na sikuituma. Isome kwanza, halafu urudi hapa.

Umerudi? Sasa sikiliza yaliyobaki, ni mabaya zaidi.

Mrija haukuvunjika. Ulifika mzima, kwa ulivyoufunga hata ungeangushwa ghorofani ungefika mzima. Nikaupanda. Kisha nikauoza kwa ukungu wa chungwa, maana ukungu nao una ndoa zake. Kama ule weupe ungekuwa mgeni aliyeingia kwa uchafu, wasingezaa, kama vile mbuzi asivyozaa na kuku. Wakazaa. Mbegu zao hukaa nane nane ndani ya kifuko, zimepangwa mstari kama kunde katika ganda. Nikazitoa moja moja kwa sindano chini ya hadubini, nikaziotesha kwa mpangilio wake. Nne zikaota za chungwa, nne nyeupe. Kifuko cha pili, nne kwa nne. Cha thelathini, nne kwa nne. Maana yake weupe ule ulikuwa katika kinasaba chake chenyewe, umezaliwa nao na unaurithisha. Taa ndiyo iliyoubadilisha. Wala haikuwa sufuria lako.

Hapo ndipo lilipoanzia jina langu. Na hapo hapo ndipo penye ushahidi kwamba wewe huna kosa. Ni karatasi moja, dada. Nimeichora ubaoni katika kumbi sijui ngapi kwa miaka ishirini na moja, nne kwa nne, watu wakipiga makofi. Nimemwonyesha kila mtu isipokuwa wewe.

Kwa nini? Mwanzo niliogopa kurudishwa nyumbani. Hilo naweza kulieleza, na wewe mwenyewe uliniandikia nisiseme, nikajificha nyuma ya maneno yako. Baadaye sikuwa na cha kuogopa. Kanuni alistaafu, akafa, ikawa mimi ndiye ninayewadhamini wanafunzi. Na bado sikusema. Hilo sina maelezo yake. Nilikuwa najiambia dada ana mume mwema, ana karakana na mkaa wake, anacheka katika barua zake, amesahau. Habari ya Mkunga sikuijua, naapa. Lakini sikuuliza, na nadhani sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Barua zangu zilikuwa fupi kwa sababu hiyo. Ukurasa mzima ungetoa siri yangu.

Mwezi wa kumi na moja watanipa nishani, nami nitatakiwa kusimama niseme neno. Nitasema hili.

Siombi unijibu. Naomba umshike mjukuu wako. Mshike leo, kabla hujaikunja barua hii.

Mdogo wako, kama bado


28 Desemba 1983

Dada,

Shikamoo. Natumai nyote mko salama. Sijapata neno kutoka kwako, na sidai.

Nilisema. Nilisimama pale na kueleza habari ya taa, ya daftari, ya karatasi nilizobandika, na ya mpishi aliyefukuzwa kwa kosa langu. Hawakujua wapige makofi au wasipige. Mkuu wa chuo alinifuata nje akaniuliza ilikuwa na haja gani, mambo yenyewe ya zamani. Wanafunzi wangu wawili hawanitazami usoni. Nimeandika pia kwenye jarida lililochapa utafiti wangu mara ya kwanza.

Kila ukungu hapa una kadi yake, na kwenye kadi kuna mstari wa chanzo. Ile ya mweupe ilikuwa na jina langu peke yake. Nimeiandika upya kwa mkono wangu: umepandwa katika uji safi wa mpishi wa maabara, taa imewashwa na mwanafunzi bila ruhusa, umeokolewa na kutunzwa na mpishi yule yule ndani ya soksi. Mtunza kadi aliuliza kama la soksi ni lazima. Nikamwambia ni lazima.

Mdogo wako


30 Machi 1984

Dada,

Shikamoo. Hamjambo? Ninaandika tu ili ujue bado napita posta kila Jumatatu.

Mdogo wako


6 Mei 1984

Kimbelembele,

Marahaba. Barua zako zote tatu zimefika, na ile ya nne iliyokaa kwako miaka ishirini na miwili pia imefika.

Sikujibu kwa sababu kila nikishika kalamu yalitoka matusi, na karatasi ni za kuomba kwa mwanao. Shemeji yako alipoisoma alipanda baiskeli akazunguka mpaka jua likazama. Aliporudi alisema neno moja tu: kikulacho ki nguoni mwako. Nami nilikasirika. Bado nina hasira, usidhani nimekuandikia kukufuta machozi. Ulipokuwa mdogo ukivunja kikombe ulikuwa unakuja mbio kuniambia kabla hata vipande havijatulia. Nimejiuliza sana yule mtoto alikwenda wapi.

Na la kwangu nalo niliseme, nisije nikajifanya malaika. Siku ile ya gazeti, niliposikia ukungu mweupe, moyo uliniruka. Nikauambia nyamaza wewe, mdogo wangu hawezi. Halafu nikacheka kwa sauti ili nisiusikie. Kwa hiyo nilijua kidogo, nikakataa kujua.

Sasa nikueleze nilichofanya. Barua nilikuwa nimeisoma, nimeielewa, na bado mikono haikuamini. Mtu akizoea labda kwa miaka yote hiyo hawezi kuiacha kwa sababu ya maandishi. Mwezi uliopita nikavaa vizuri nikaenda kwenye maabara ile ya zamani. Jikoni nimemkuta msichana mmoja mpole. Sufuria ni lile lile, wamebadilisha mfuniko tu. Nikamwambia binti, zamani mimi ndiye niliyekuwa hapa, niache nipike mara moja. Akanipa aproni. Nikapika uji, nikamimina, nikaziba pamba, nikafunga. Kisha nikamwomba afunike saa ya ukutani kwa kitambaa.

Sufuria likapiga mluzi. Nikakaa kwenye kiti (siku hizi wana viti!) nikafumba macho. Sikuhesabu. Nilikuwa nawaza homa ya mwanao ya mwaka ule, nikiuacha moyo uharakishe kama ulivyoharakisha siku ile. Mwili uliponiambia sasa, nikasema sasa, msichana akakivuta kitambaa. Dakika ishirini na moja. Tukarudia. Dakika ishirini na nusu. Mara ya tatu ishirini na moja tena. Hata moja chini, hakuna. Nikalia pale jikoni mpaka yule binti akaogopa, akaniuliza, "Bibi, nimeharibu nini?" Nikamwambia hukuharibu kitu, mwanangu, hakuna aliyeharibu kitu humu ndani.

Juzi nimemwogesha mjukuu wangu mwenyewe. Nimenawa mara moja. Mkono kwa mazoea ulirudi kwenye sabuni, nikauzuia. Mwanao alikuwa amesimama mlangoni, na taulo alinipa mimi nimfute.

Mkunga harudi. Hilo lijue na ulale nalo, maji yakimwagika hayazoleki, nishani yako haitawarudisha wale wa njiani. Lakini zahanati imefunguliwa hapa nyuma ya soko, nikaenda kuuliza kama wanachukua msaidizi wa miaka hamsini na minne. Wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka. Muuguzi hakucheka. Aliniuliza naweza kazi gani, nikamwambia kuchemsha vyombo. Naanza Jumatatu.

Hukuutaja msamaha, lakini najua ndio unaoufuata posta kila Jumatatu. Ule msamaha wako mkubwa, haupiti kwenye tundu la sanduku la posta. Njoo. Nishani usilete, zawadi usilete. Nina masufuria hapa niliyoyaosha mara tatu tatu tangu mwaka sitini na moja. Mara moja ilikuwa yangu. Zile mbili zilikuwa zako. Yanakungoja, na utaanza na lile kubwa lenye masizi, nami nitakaa pembeni nikutazame.

Ukimaliza yote, tutaongea. Mwanao atakuja kukupokea kituoni, amembeba mtoto. Mtoto mikono yake inafanana na yangu.

Dada yako,
Mpishi wa Ukungu